Ufunguo Ulikaa Nje: Wafaranji na Kesi Zao Aleksandria

Ndugu zangu, naomba tuanzie mlangoni. Tuko Aleksandria, Misri, enzi za masultani wa Kimamluki. Jua likizama, lango la funduki (nyumba ya wageni na ghala) ya Wavenisi, watu wa Venice, Italia, linafungwa kwa nje. Ndani wamebaki wafanyabiashara na mizigo yao, tanuri la mikate, kanisa dogo, na mvinyo walioruhusiwa kunywa humohumo. Ijumaa wakati wa sala ni vivyo hivyo. Asubuhi wanafunguliwa, wanatoka kutafuta pilipili manga. Sisi tunaiita ya Manga, yaani ya Uarabuni, kumbe shina lake liko Malabar, India. Ilipandia Bahari ya Shamu hadi Misri.

Wapo wanaoliona lango lile kuwa gereza. Mimi naliona ni nusu ya mapatano. Nusu ya pili ni kesi. Mvenisi akimdai Mvenisi mwenzake, shauri linakwenda kwa konseli wao, yaani mkuu na mwakilishi wa Wavenisi mjini. Akigombana na Mwislamu, hapo pana uzito: mbele ya kadhi, ushahidi wa asiye Mwislamu dhidi ya Mwislamu haukupokewa. Kwa hiyo Wafaranji, yaani Wakristo wa Ulaya Magharibi kama hawa Wavenisi, walipendelea kupeleka mashauri hayo kwa maofisa wa sultani, na wakakubaliwa. Na katika mikataba yao na sultani kulikuwa na kifungu ninachokithamini kuliko vyote: mtu asishikwe kwa deni au kosa la mwenzake, ila kama alimdhamini.

Lakini mtazameni konseli. Alipokea posho kutoka forodhani, na papo hapo serikali ilimhesabu kuwa rehani ya watu wake. Kifungu kilisema hivi, mazoea yakasema vile.

Oktoba 1365, Mfalme Peter wa Kwanza wa Saiprasi, naye Mfaranji, akaivamia Aleksandria, akapora, akaua, na baada ya siku chache akatweka tanga na nyara zake. Wafaranji waliokuwa Misri na Syria wakakamatwa, mali zao zikazuiwa. Hapa ndipo panaponiuma. Fikirieni mtu aliyekuwa anangojea zamu yake kwenye mizani, hajapata kumwona huyo Peter, leo yumo kifungoni kwa ajili yake. Wakristo wenyeji nao, Wamisri kwa baba na mama, wakakamuliwa fedha.

Mwaka uliofuata wajumbe wa Venice walikuwa tayari Kairo, wakiomba watu wao na magunia yao. Mkataba wa amani ulifungwa mwaka 1370.