Pasaka ya Mwakani ni Lini? Hesabu, Mwezi na Sikukuu Zinazogongana

Tumsifu Yesu Kristo. Karibuni. Waliosimama mlangoni wasogee mbele, viti bado vipo.

Kila Januari swali ni lile lile: Pasaka ya mwaka huu ni lini? Krismasi haisumbui, hata mtoto wa chekechea anaijua tarehe yake. Pasaka mpaka uone kalenda ya parokia, au ufungue simu. Leo nataka kila mmoja atoke hapa akiweza kuipiga hesabu hiyo mwenyewe, kwa kalamu na karatasi. Tena ajue kwa nini mara nyingine jibu halipatani na mwezi anaouona juu ya bati lake.

Kanuni ni fupi. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi au baada yake. Mwezi ukipevuka Jumapili yenyewe, tunasubiri Jumapili inayofuata. Ndiyo maana Pasaka haitangulii 22 Machi wala haivuki 25 Aprili. Tarehe 22 Machi ilitokea mara ya mwisho mwaka 1818 na itarudi 2285, kwa hiyo hiyo tuwaachie wajukuu wa wajukuu. Ile ya 25 Aprili ilikuwa 1943, na inarudi 2038.

Sasa shikeni kalamu. Njia hii ilitengenezwa na Mjerumani Carl Friedrich Gauss, na kwa namba nitakazowapa inafaa mwaka 1900 hadi 2099. Tuchukue 2027. Gawanya mwaka kwa 19, andika baki, liite A. Gawanya mwaka kwa 4, baki ni B. Gawanya kwa 7, baki ni C. Kwa 2027 tunapata A 13, B 3, C 4. Hapa ndipo wengi wanapotelea, hasa wanaotumia kikokotoo cha simu. Kikokotoo kinaonyesha 106.68, mtu anaandika 68 kuwa ndilo baki. Hapana. Chukua 106 tupu, zidisha kwa 19, unapata 2014. Toa kwenye 2027, zinabaki 13.

Tuendelee. Zidisha A kwa 19, jumlisha 24, gawanya kwa 30: baki ni D. Yaani 247 na 24 ni 271, baki 1. Mwisho chukua B mara mbili, C mara nne, D mara sita, ongeza 5, gawanya kwa 7: baki ni E. Hapo tuna 6, 16, 6 na 5, jumla 33, baki 5. Jumlisha 22, D na E: 28. Pasaka ya 2027 ni 28 Machi. Jumla ikizidi 31, toa 31, umeingia Aprili.

D si namba ya kiinimacho. Inakwambia mwezi wa kwenye jedwali unapevuka siku ngapi baada ya 21 Machi. Kwa 2027 ni siku moja, Jumatatu ya tarehe 22. E inakusogeza mpaka Jumapili. Kuna miaka miwili tu mbele yetu ambayo hesabu hii inateleza kwa wiki nzima: 2049 itakupa 25 Aprili wakati jibu ni 18, na 2076 itakupa 26 Aprili wakati jibu ni 19. Iandikeni pembeni ya karatasi yaishe.

Nimesema "mwezi wa kwenye jedwali" kwa makusudi. Kanisa halitazami angani, linafuata jedwali la hesabu, na humo 21 Machi inasimama badala ya siku ambayo usiku na mchana vinalingana. Mwaka 2019, kwa saa za Dar es Salaam, usiku na mchana vililingana saa 6:58 usiku wa kuamkia 21 Machi, na mwezi ukapevuka saa 10:43 alfajiri ile ile. Ukifuata anga, Pasaka ingekuwa Jumapili ya 24 Machi. Lakini kwenye jedwali mwezi ule ulihesabiwa umepevuka tarehe 20, siku moja kabla ya mpaka, basi tukasubiri mwezi mwingine hadi 18 Aprili, na Pasaka ikawa 21 Aprili. Karibu mwezi mzima kwa tofauti ya siku moja!

Je, ni kosa? Mimi nasema ni bei waliyokubali kuilipa, na waliikubali kwa akili zao. Jedwali limejengwa juu ya mzunguko wa miaka 19, ambamo mwezi unaandama mara 235 na kurudi karibu tarehe zile zile. Karibu, si sawasawa. Unateleza siku moja kwa miaka mia tatu hivi. Ila faida yake ni kwamba padri wa Songea na mchungaji wa Bukavu wanapata tarehe moja bila kupigiana simu, mawingu ya masika yawepo yasiwepo.

Kabla ya hapo watu waligombana kweli. Makanisa ya Asia Ndogo, Uturuki ya leo, yaliadhimisha siku ya 14 ya mwezi wa Nisani wa Kiyahudi, iwe Jumanne au Alhamisi. Roma ikashikilia Jumapili. Polikarpo, askofu wa Smirna huko Asia Ndogo, alikwenda Roma kuzungumza na askofu wa Roma, Aniketo, wasikubaliane, lakini wakashiriki meza moja wakaagana kwa amani. Mtaguso wa Nikea mwaka 325 ukataka wote wawe pamoja, na kazi ya kupiga hesabu ikaangukia zaidi Aleksandria kule Misri, mjini kwa wataalamu wa nyota. Askofu wa huko, akina Athanasi, alikuwa anatuma barua kila mwaka kutangaza tarehe. Kwa hiyo Waafrika msijione wageni kwenye jambo hili.

Kule Uingereza, kabla ya mwaka 664, mfalme Oswiu wa Northumbria alifuata hesabu ya watawa wa Ireland, na mkewe Eanflæd hesabu ya Roma. Ikatokea mume amemaliza mfungo anakula Pasaka, mke bado yuko Jumapili ya Matawi. Nyumba moja, jikoni moja! Wakaitisha sinodi ya Whitby, ikaamuliwa kwa Roma.

Hali hiyo leo iko mitaani kwetu. Waorthodoksi, na wapo Nairobi, wapo Mwanza, wapo Kampala, wanapiga hesabu kwa kalenda ya Juliasi. Kalenda ile ina siku ya nyongeza kila mwaka wa nne bila kuruka, hivyo mwaka wake ni mrefu kuliko wa jua kwa dakika 11 hivi, nazo zinajikusanya kuwa siku nzima kila baada ya miaka 128. Papa Gregori wa 13 alizikata siku kumi mwaka 1582: watu walilala Alhamisi ya 4 Oktoba, wakaamka Ijumaa ya 15. Waorthodoksi hawakufuata, sasa tofauti ni siku 13, na mwaka 2100 zitakuwa 14. Mwaka 2024 sisi tulikuwa na Pasaka 31 Machi, wao 5 Mei. Mwaka 2025 tukakutana 20 Aprili. Tunakutana tena 16 Aprili 2028, halafu kila mtu anashika njia yake.

Na majirani zetu Waislamu? Wao mwezi wanautazama, ndiyo maana Sikukuu ya Idi inatangazwa usiku na watu wanalala wakiwa hawajui kama kesho kuna kazi. Mwaka wao una siku 354 au 355, hauongezwi mwezi, basi Ramadhani inarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Mwaka 2025 ilianza 1 au 2 Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5. Mama ntilie waliona mchana ule ulivyokuwa mkavu. Kalenda ya Nairuzi ya Waswahili nayo, ile ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Zanzibar, ina makumi 36 ya siku na siku tano, jumla 365 bila nyongeza, kwa hiyo inaachwa na jua siku moja kila miaka minne. Kila kalenda ina mahali inapovuja.

Pasaka ikihama, inagonga vitu. Mwaka 2023 Ijumaa Kuu iliangukia 7 Aprili, Siku ya Karume. Mapumziko mawili yakamezana. Mwaka 2026 ikawa kinyume: Ijumaa Kuu tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, Karume tarehe 7, siku tano mfululizo. Mwaka 2038 Jumatatu ya Pasaka itakalia Siku ya Muungano. Na 2029 imekaa kama utani: Jumatano ya Majivu ni 14 Februari, siku ya wapendanao, na Pasaka ni 1 Aprili, siku ya wajinga. Wenye maua mekundu na wenye majivu watapishana barabarani.

Wapo wanaotaka Pasaka ifungwe kwenye Jumapili moja. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya hivyo mwaka 1928, mpaka leo haijaanza kutumika. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulisema mwaka 1963 hauna kipingamizi, mradi wengine wakubali. Mkutano wa makanisa uliofanyika Aleppo, Siria, mwaka 1997 ukapendekeza tufuate anga halisi kwa saa za Yerusalemu. Mimi ningeunga mkono huu wa mwisho, ila sina haraka nao.

Sasa la kufanyia kazi, maana naona wachumba hapo nyuma. Parokia nyingi hazifungishi ndoa wakati wa Kwaresima. Ukishapata Pasaka, rudi nyuma siku 46: arobaini za mfungo na Jumapili sita zisizohesabiwa. Ukipita Februari ya mwaka mrefu, kumbuka tarehe 29. Kwa 2027 unatua 10 Februari. Ukiona hesabu inakuchosha, basi jua kwamba Kwaresima haianzi kamwe kabla ya 4 Februari, na Pasaka haivuki 25 Aprili. Chagueni Januari, au kuanzia Mei, ndipo mkalipie ukumbi.