Jinsi ya Kufuata Mipango ya Kupunguza Bili ya Stima kwa Biashara Ndogo Kenya

Karibu mtazamaji. Video ya leo ni ya mwenye duka, kinyozi, mwenye bucha, mama wa hoteli, na yeyote anayefanya biashara ndogo hapa Kenya huku stima ikimla faida kila mwezi. Nitakuonyesha misaada iliyopo, inapatikana wapi, na ujiandae vipi kabla ya kwenda kuiomba. Niko Kongowea, Mombasa, katika duka la samaki wa barafu na sharubati, na mwenyewe ameturuhusu kufungua kila kitu.

Kabla ya hatua zenyewe, kuna jambo lazima ulijue. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 zilimbana anayetumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka: huyo ni lazima afanyiwe ukaguzi wa nishati, yaani mtaalamu apime stima inakwenda wapi, kila baada ya miaka mitatu. Gawanya kwa 12, unapata 15,000 kwa mwezi. Na uniti 15,000 kwa mwezi ndiyo kikomo cha mteja mdogo wa biashara kwa Kenya Power, kampuni inayotuuzia stima. Kwa hiyo wewe sheria imekuruka. Hakuna afisa atakayekuja kukubishia hodi. Misaada ipo, ila mwendo ni wako.

Hatua ya kwanza, fungua ujumbe wa tokeni. Nauleta karibu na kamera. Hapa pameandikwa Units, hizo ni uniti ulizopata. Halafu TknAmt: hiyo ndiyo pesa iliyonunua stima yenyewe. Chini yake OtherCharges, na hapa ndipo watu hupandwa na hasira. Ndani yake mna gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo, na VAT ya asilimia 16. Huwezi kubishana nazo, lakini jua hili: nyingi zinafuata uniti. Ukipunguza uniti, nazo zinashuka.

Sasa chukua daftari, andika uniti za miezi mitatu iliyopita. Kama umefuta ujumbe, piga *977# utafute rekodi zako. Angalia unaangukia wapi, maana tangu bei mpya za Aprili 2023, wateja wadogo wa biashara wamegawanywa kwa mafungu: hadi uniti 30, hadi 100, na zaidi ya 100. Kila fungu lina bei yake, na kadiri unavyopanda ndivyo kila uniti inavyokuwa ghali. Ikiwa unazungukia 110 au 120, furahi. Wewe una kazi ndogo kuliko jirani yako wa 400.

Hatua ya pili, pima usiku. Hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu haihitaji fundi wala shilingi. Jioni ukifunga, soma mita, andika. Asubuhi kabla hujawasha chochote, soma tena. Tofauti yake ni stima iliyotumika ukiwa umelala.

Twende nje tuone. Ile taa ya ulinzi juu ya mlango ni ya haloji, wati 500. Inawaka kwa muda wa saa 12 kila usiku. Wati 500 mara saa 12 ni 6,000, na kila 1,000 ni uniti moja, yaani uniti 6 kwa usiku mmoja. Kwa siku 30 ni uniti 180. Taa moja! Ukiweka ya LED ya wati 50, mwezi mzima ni uniti 18. Muuzaji huyu alikuwa akiilaumu friza.

Friza nayo haijasalimika, njoo ndani. Naweka noti kwenye raba ya mlango, nafunga, navuta. Ona, inatoka bila kukaza. Raba imechoka, baridi inavuja, na mota haipati nafasi ya kupumzika. Tazama pia barafu hii ukutani, unene wa vidole viwili. Iyeyushe, usiichokoe kwa kisu. Nyuma kuna vumbi, na friza imebanwa ukutani mahali ambapo jua la alasiri linapiga. Ichomoe kwanza, ipanguse, kisha uivute mbele na uihamishie kivulini ipate hewa. Mpaka hapa gharama ni taa na raba tu.

Hatua ya tatu ni ya siku ya kununua. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, ina lebo ya nyota, moja hadi tano, kwa friji, kiyoyozi, baadhi ya taa na mota za fezi tatu. Mwenye kinu cha posho, hiyo ya mota inakuhusu. Usiishie kuhesabu nyota; soma ile namba ya uniti kwa mwaka, uilinganishe na ya friji nyingine yenye ukubwa uleule. Friza za ex-UK, yaani zilizokwisha kutumika Uingereza, huku Mombasa zimejaa, na bei yake dukani inavutia. Mimi sikuzuii. Ila kama haina lebo, unanunua bila kujua itakula kiasi gani, na utakayeilisha ni wewe.

Hatua ya nne, ukaguzi wenyewe. Chama cha wenye viwanda, KAM, kina kituo cha ufanisi na uhifadhi wa nishati kilichoanzishwa mwaka 2006 kwa ushirikiano na wizara ya nishati. Kituo hiki hufanya mafunzo na ukaguzi, na serikali imewahi kuchangia gharama za baadhi ya kaguzi. Makao yake ni Mwanzi Road, Westlands, Nairobi, na KAM ina ofisi za kanda, ikiwemo ya hapa Pwani. Ukipiga simu usiseme tu "stima ni ghali". Sema: nina duka la samaki, natumia uniti kadhaa kwa mwezi, usiku pekee zinakwenda kadhaa, vifaa vyangu ni hivi. Kisha uliza mambo matatu: nafasi za ruzuku zipo kwa biashara ya ukubwa wangu? Mimi nachangia kiasi gani? Mafunzo yajayo ni lini? Ukiambiwa wewe ni mdogo mno, omba mafunzo. Au ungana na wenzako wa soko muombe kama kundi.

Akija mtu dukani akidai ni mkaguzi, mwombe leseni ya EPRA. Fundi wa nyaya vilevile. Asiyekuwa nayo, mpe maji ya kunywa aende zake.

Ripoti ikifika, pekua hadi kwenye jedwali la mapendekezo. Utaona gharama, akiba kwa mwaka, na muda wa pesa kurudi. Anza na zisizo na gharama, kisha zinazorudisha pesa ndani ya mwaka. Zile kubwa, kama kubadilisha friza nzima, ndizo za kupeleka benki kuulizia mkopo, na hapo ubebe ripoti pamoja na daftari lako la mita.