Usugu wa dawa katika saratani ya ovari: uvimbe uliorudi upimwe upya

Hili mmeshalisikia kwangu, na leo nalirudia. Mama ametibiwa saratani ya ovari kwa karboplatini na paklitaseli, amepata nafuu, na miezi 6 haijapita tangu dripu ya mwisho uvimbe umerudi. Kwenye faili tunaandika: usugu wa platini, yaani kundi la dawa ambalo karboplatini imo. Kisha tunabadilisha dawa kwa kubahatisha. Usugu wa namna gani? Hatuulizi!

Chukueni wagonjwa ambao jeni ya BRCA imeharibika. Platini hung'ang'ania DNA ya seli. Seli yenye BRCA nzima hukarabati, isiyo nayo hufa, ndiyo maana mwanzoni wagonjwa hawa huitikia dawa vizuri. Lakini katika mamilioni ya seli huweza kutokea moja ambayo badiliko la pili limeirudishia jeni uwezo wake. Hiyo inasalia, inazaana, na uvimbe unaorudi ni ukoo wake. Haya yalichapishwa 2008, si habari ya jana. Dawa ya olaparibu nayo huua kwa kutumia udhaifu huohuo, kwa hiyo jeni ikishapona, haifui dafu. Kile kipande cha uvimbe wa mwanzo kilichohifadhiwa maabara kitaendelea kutuambia jeni ni mbovu, na sisi tutaendelea kukiamini.

Wapo wanaosema: ongeza dozi. Ilijaribiwa kwa karboplatini. Madhara yaliongezeka, maisha hayakurefuka. Wengine wanasema kumchoma mama sindano nyingine ili kupata kipande kipya ni kumtesa. Sawa, na yale maji tunayomtoa tumboni ili apumue, tunayapeleka wapi? Tunayamwaga! Mara nyingi yamejaa seli za saratani. Yapelekeni maabara, na ombi liseme jeni isomwe, lisiishie kuuliza kama seli zipo.

Muda unanibana, haya mengine nayapitia mbio. Zipo seli zinazotema paklitaseli nje kwa pampu. Ipo dawa ya mirvetuximabu, inayobeba sumu hadi kwenye kipokezi cha folati, protini iliyo juu ya seli za saratani. Katika jaribio la MIRASOL lililochapishwa 2023, kwa wenye usugu wa platini, nusu ya waliopewa dawa hiyo waliishi zaidi ya miezi 16, ilhali kwa tibakemia ya kawaida nusu hawakufikisha 13. Walioingizwa ni wale tu waliopimwa wakakutwa na kipokezi hicho kwa wingi. Dawa ya bevasizumabu itabidi isubiri siku nyingine. Maswali, na nianze na wauguzi, kwa kuwa ndoo za maji hayo ninyi ndio mnazishika.