Mteja Anaandika Nini Kwenye Simu Yake?

Shikamooni wazee wangu, na habari za asubuhi ndugu zangu wote. Nashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie SEO, yaani kazi ya kuufanya ukurasa wako uonekane mtu anapotafuta kwenye Google, na humo ndani nimechagua jambo moja tu: maneno ya kutafutia, yaani yale ambayo mtu anayaandika kwenye Google kabla hajauona ukurasa wako wala wangu. Nitapitia kwenye kuku, kwa sababu huko ndiko nilikojifunzia.

Mimi nasimamia tovuti ya duka la dawa za mifugo. Miaka michache iliyopita tuliandika makala ndefu, tukampa daktari wa mifugo akaikagua neno kwa neno. Kichwa chake kilikuwa "Ugonjwa wa Newcastle: dalili, kinga na udhibiti". Tukaiweka hewani, tukasubiri. Miezi mitatu ikapita, na waliofika kwenye ukurasa ule hawakutosha kujaza daladala moja.

Kisha asubuhi moja akaingia mama dukani, simu mkononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akamwambia kijana wa kaunta: "Mwanangu, kuku wangu wanapinda shingo, wanaharisha kijani, jana wamekufa sita. Nimehangaika na simu usiku kucha natafuta dawa ya mdondo, sijapata wa kunieleza." Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Nikamwomba anionyeshe simu yake. Alikuwa ameandika "dawa ya mdondo", akaandika "kuku wanapinda shingo dawa", akaandika "kuku anaharisha kijani". Alichokuwa anakitafuta tulikuwa nacho, tumekiandika, daktari amekipitisha. Lakini kwenye makala yetu nzima neno mdondo lilitokea mara moja, tena ndani ya mabano. Neno kideri, ambalo wafugaji wengine ndilo wanalolitumia kwa ugonjwa huohuo, halikuwemo kabisa. Na shingo iliyopinda sisi tuliiita "dalili za mfumo wa fahamu".

Ndugu zangu, siku ile iliniuma. Kuku sita kwa mama yule ni ada, ni sare ya shule. Jina tulilolitumia lilikuwa sahihi kitaalamu, halina kasoro, ila mtu aliyeamka saa tisa usiku kwa kelele za banda hawezi kuandika "udhibiti wa Newcastle".

Tukakaa kuiandika upya, na hapo ukazuka mjadala ambao hadi leo nauona ndio kiini cha kazi hii. Mdondo unaletwa na virusi. Hauna dawa ya kuutibu, una chanjo ya kuukinga. Daktari wetu akasema, na alikuwa na haki: hatuwezi kuweka kichwa cha habari "Dawa ya mdondo" wakati dawa haipo, tutakuwa tunadanganya watu. Mimi nikasema: lakini ndilo swali lao. Tukiliacha, watalikuta kwa mtu mwingine aliyeandika "dawa ya mdondo" ili awauzie chupa ya kitu chochote. Tulibishana karibu siku nzima. Mwisho kichwa kikawa "Dawa ya mdondo wa kuku: ufanye nini kuku wanapopinda shingo", na sentensi ya kwanza kabisa, kabla ya salamu na kabla ya picha, ikasema mdondo hauna dawa. Ya pili ikasema kuku aliyekwisha kuugua chanjo haimsaidii. Kisha tukaeleza cha kufanya usiku huohuo: tenga wanaoumwa, mizoga ichomwe au ifukiwe, usipeleke waliobaki mnadani wala kuwagawa kwa jirani, mwite mtaalamu wa mifugo. Chini yake ndipo tukaweka chanjo ya I-2, ile ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na inayostahimili joto kuliko chanjo nyingi, jambo la maana sana kwa kijiji kisicho na friji.

Simu zilianza kuingia baada ya wiki chache. Na wengi waliopiga hawakuuliza dawa tena. Waliuliza chanjo.

Sasa nieleze nilichokiona hapo. Mwaka 2002 mtafiti Andrei Broder aliwagawa watu wanaotafuta mtandaoni katika makundi matatu: anayetaka kujua jambo, anayetaka kufika kwenye tovuti anayoifahamu tayari, na anayetaka kufanya kitu, kununua au kupakua. Mgawanyo huo unatumika hadi leo na ni mzuri. Ila mkiusoma kwa macho ya mama yule mtaona jambo: anapoandika "dawa ya mdondo" anataka kujua na anataka kununua kwa wakati mmoja, na kile anachotaka kununua hakipo. Hakuna chombo kitakachowaonyesha hilo. Unahitaji kumjua mtu, na unahitaji kuujua ugonjwa. Kwa hiyo ukipata neno la kutafutia usikimbilie kuandika. Jiulize kwanza aliyeliandika yuko wapi, saa ngapi, na nini kimemtokea.

Niende kwenye Kiswahili chenyewe, maana hapa ndipo wengi tunapopoteza. Mafunzo mengi tunayoyasoma yameandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza maneno yake hubadilika mkiani. Chetu hubadilika kichwani. Chukueni kuharisha. Mmoja ataandika "kuku anaharisha", wa pili "kuku wanaharisha", wa tatu "kuku kuharisha", wa nne "dawa ya kuharisha kuku", wa tano "kuku anahara nyeupe", wa sita "kifaranga anaharisha damu". Ukizitazama hizo kwenye chombo cha kupimia neno linatafutwa mara ngapi, kila moja inasimama peke yake na kila moja inaonekana ndogo, nyingine inaonyesha sifuri kabisa. Anayefuata mafunzo ya Kiingereza atasema hakuna anayetafuta hili, tuache. Lakini ukiziweka pamoja ni ukoo mzima, na ukoo huo una watu wengi. Mimi siku hizi sihesabu neno, nahesabu ukoo.

Tena mnaona kuhara nyeupe na kuhara damu si jambo moja. Kuhara damu mara nyingi ni koksidia, ambayo ina dawa. Mharo mweupe kwa vifaranga wadogo ni habari nyingine. Hivyo ukoo mmoja wa maneno unaweza kuhitaji kurasa mbili au tatu. Asiyejua mifugo angezirundika zote kwenye ukurasa mmoja, na mfugaji angempa kifaranga dawa isiyo yake. Ndiyo maana nasema kazi hii haifanywi na mtu wa kompyuta peke yake.

Kuna na maandishi. Watu wanaandika "jinsi yakufuga" kwa kuunganisha, wanaandika "broila", "leyasi", "inkubeta". Si lazima uyaige makosa ya kuunganisha maneno, Google kwa sehemu kubwa inayaelewa. Lakini majina ya vitu ni suala jingine. Kamusi zina kiangulio na kiatamizi, na mimi ninayapenda maneno hayo kwa moyo wote. Ila mfugaji anaandika "mashine ya kutotolesha vifaranga". Nisipoliweka hilo kwenye kichwa, nitakuwa nimeandika Kiswahili kizuri kisichosomwa na mtu. Nilichoamua ni hiki: kichwa kinabeba neno la mfugaji, na aya ya kwanza inamjulisha kwamba mashine hiyo huitwa pia kiangulio. Wapo wanaoliona jambo hili kama kuipa lugha kisogo. Mimi naona neno la kamusi linapata msomaji ambaye lisingempata kwa njia nyingine yoyote. Ni kama matokeo ya mitihani: wapo wanaoandika "matokeo ya kidato cha nne" na wapo wanaoandika "matokeo ya form four", nao wanatafuta karatasi ileile.

Mipaka nayo ina maneno yake. Anayeuza ardhi Dar es Salaam atakutana na "viwanja vinauzwa Kigamboni", lakini akivuka kwenda Mombasa atasikia ploti. Bajaji ya Dodoma ni tuktuk kule Kenya. Kama unauza pande zote mbili, andika kurasa mbili, na mpe mtu wa kule asome kabla hujaziweka hewani. Hilo halihitaji maelezo mengi.

Nigusie vyombo, maana najua mmekuja na kalamu. Keyword Planner ya Google, inayokadiria neno linatafutwa mara ngapi kwa mwezi, ni ya bure, lakini usipokuwa unalipia matangazo inakupa makadirio mapana, mathalani kati ya 100 na 1,000, na kwa Kiswahili mara nyingi inakaa kimya. Google Trends haikupi idadi ya watu. Inakupa kipimo cha 0 hadi 100, ambapo 100 ni kilele cha neno hilo katika muda uliouchagua. Mimi naitumia kwa majira tu: lini mahitaji ya kuku wa nyama yanapanda kuelekea sikukuu, na kwa Ramadhani mkumbuke inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya mwaka jana haifai. Mapendekezo yanayojitokeza chini ya kisanduku unapoanza kuandika ni mazuri kuliko watu wanavyofikiri. Andika "kuku ana", nyamaza, soma.

Lakini chombo ninachokifungua kila Ijumaa ni Search Console ya Google, ya wenye tovuti. Kinakuonyesha maneno ambayo watu wameyaandika na ukurasa wako ukajitokeza, hata kama hawakuubofya, na kinatunza kumbukumbu za miezi 16. Baadhi ya maneno yanayoandikwa na watu wachache sana kinayaficha ili kulinda faragha, sawa, ila yaliyobaki yanatosha. Natafuta mstari wenye kujitokeza kwingi na kubofywa kidogo. Mstari huo unaniambia watu wamefika mlangoni, wamesoma jina la duka, wakaondoka. Mara nyingi tatizo ni kichwa: wao wameuliza "kuku kuvimba macho", mimi nimejibu "magonjwa ya mfumo wa hewa".

Na tafadhali, wale mnaoambiwa mjaze maneno ya kutafutia kwenye ile sehemu iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, mnapoteza muda. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiyatumii kupanga matokeo. Kurudia neno mara 30 kwenye makala nako hakusaidii. Tangu 2019 Google imekuwa ikitumia BERT, mfumo unaosoma neno pamoja na majirani zake ndani ya sentensi, na mwezi Desemba mwaka huo iliusambaza kwenye lugha zaidi ya 70. Andikeni kama mnavyomweleza mtu.

Google hiyohiyo imesema kwa miaka kadhaa kwamba takriban asilimia 15 ya maswali inayoyapokea kila siku hayajawahi kuulizwa kabla. Nikiisikia takwimu hiyo namkumbuka mama yule. Mtu mwenye shida halengi neno lililozoeleka, anaelezea anachokiona mbele yake. Na chombo kinachohesabu yaliyopita hakiwezi kuwa na neno la kesho.

Ndiyo sababu tuna daftari. Ni counter book ya kawaida ya shule, imefungwa kwa kamba kando ya mashine ya risiti. Kijana wa kaunta ana kazi moja ya ziada: mteja akieleza shida, aandike kama alivyosema, kwa maneno yake, kabla ya kumsahihisha. Mwanzoni ilikuwa ngumu. Mteja akisema "kuku wangu wanakoroma", kijana anaandika "mafua ya kuku", kwa sababu amesomea mifugo na anataka kuonekana amesoma. Nilikaa naye siku mbili pale kaunta hadi akazoea kuandika "wanakoroma". Kila Ijumaa nalichukua daftari, nafungua Search Console kwenye laptopu, na navilinganisha mstari kwa mstari. Kilichopo kwenye daftari na hakipo kwenye tovuti, ndicho kinachoandikwa wiki inayofuata. Jumbe za sauti za WhatsApp nazo tunazisikiliza na kuziandika, na hizo ni hazina zaidi, kwa sababu mtu akiongea hapunguzi maneno.

Nimekuja nalo leo, hili hapa mezani. Majina na namba za wateja hatuziandiki, kwa hiyo mko huru kulifunua. Ukurasa wa mwisho umeandikwa jana jioni, mistari minne. Wa tatu unasema: "Tetea analalia mayai yaliyooza, hataki kutoka, nimfanyeje?" Nimeitafuta jana usiku kwa namna zote nilizoweza kufikiri. Sijaona ukurasa wa Kiswahili unaolijibu swali hilo vizuri. Daktari wetu ananitumia maelezo yake leo mchana, na kesho nitaanza kuandika.

Karibuni maswali, na mwenye kutaka kuliona daftari asogee mbele.