Jinja ya Viwanda: Mji Ulioitwa na Umeme

Wazee wetu, ndugu zangu, habari za jioni. Asanteni kwa kufika.

Tukisikia wikendi ya Jinja, Uganda, wengi tunawaza chanzo cha Nile, mashua na samaki wa kukaanga. Leo naomba niwapeleke kwenye Jinja ya viwanda, ambayo tunaipita kila mara bila kuitazama.

Anzieni kwenye bwawa la umeme la Owen Falls, Nalubaale ya leo. Malkia Elizabeth wa Pili alilizindua Aprili 1954. Maporomoko ya Ripon yakazama, na umeme ukaanza kuita viwanda. Pamba ikasokotwa na kufumwa papo hapo Nytil, kiwanda cha nguo. Sasa fikirieni shaba ya enzi hizo: inachimbwa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori huko magharibi, inapakiwa kwenye treni Kasese, inavuka karibu nchi nzima kuja kuyeyushwa Jinja. Kwa nini isiyeyushwe kulekule? Tanuri lile lilikula umeme mwingi, na umeme ulikuwa huku. Mkisimama kando ya reli pale Jinja, likumbukeni hilo. (Bwawani msitoe kamera, walinzi hawaruhusu.)

Mkifika Main Street, inueni macho. Chini ni maduka ya simu. Juu, ukingoni mwa paa, kuna jina la Mhindi aliyejenga na mwaka wake, vimefinyangwa kwa saruji na kupakwa rangi juu ya rangi hadi herufi zimevimba. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Majina yalibaki ukutani. Viwandani vipuri vikaadimika, mashine zikasimama moja baada ya nyingine. Kakira, kiwanda cha sukari cha kina Madhvani, kilifufuka baadaye. Shaba haikurudi.

Lakini tafadhali, msiishie kwa wenye mali. Nendeni Walukuba, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Watu walitoka Busoga, Teso, Acholi, hata Kenya, wakapanga ukuta kwa ukuta, na Kiswahili kikawasaidia kuelewana kazini na bombani. Historia hii ni yetu sisi tunaokizungumza, na inaniuma kuona tunaizika pamoja na wazee wetu bila kuiandika.

Kwa hiyo mwenye mzazi, babu au bibi aliyefanya kazi Nytil, kwenye shaba, relini au Kakira, anione hapa mbele kabla hatujatawanyika. Tutakwenda kuwarekodi, kwa ruhusa yao, kwa Kiswahili chao wenyewe.