Daily News, The Guardian au The Citizen: Ukiwa na Hela ya Gazeti Moja

ASHA: Karibuni wasikilizaji. Leo tuna swali kutoka Dodoma. Msikilizaji wetu ana ofisi ndogo ya ushauri wa kodi, baadhi ya wateja wake ni wageni, na mfuko wake unaruhusu gazeti moja tu la Kiingereza kwa siku. Achukue lipi? Kaka Musa, anza.

MUSA: Mimi ningemwambia Daily News, dada Asha.

ASHA: Gazeti la serikali?

MUSA: La serikali, na halijawahi kuficha. Unajua lilikotoka? Tanganyika Standard, lilianza 1930, tawi la magazeti ya wakoloni wa Nairobi. Tarehe 5 Februari 1970, Azimio la Arusha likitimiza miaka mitatu, Mwalimu akalitaifisha. Mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist, gazeti la TANU, ndiyo ikapatikana Daily News, na mhariri wake akawa Benjamin Mkapa. Sasa mshauri wa kodi anahitaji nini asubuhi? Serikali imetamka nini, kwa maneno yake yenyewe. Hapo Daily News haina mpinzani.

ASHA: Maneno yake yenyewe, sawa. Na maneno ya anayelipa kodi? Kwanza kwenye historia hiyo umeruka mtu. Baada ya kutaifisha, Mwalimu alimkabidhi gazeti Frene Ginwala, mwanamama wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge la kwao 1994. Mwaka 1971 tahariri ikamkosoa Rais Nimeiry wa Sudan kwa kuwanyonga wakomunisti. Ginwala akaondolewa. Sasa huyo alikuwa mhariri aliyeteuliwa na Mwalimu mwenyewe!

MUSA: Huo ni mwaka 1971.

ASHA: Na mwenye gazeti ni yuleyule. Ukinunua gazeti unapaswa kujua mwenye nalo ni nani, basi usome ukikumbuka hilo. Na siisemi Daily News peke yake. The Guardian yetu, maana wageni hudhani ni ile ya London, ni ya IPP, kampuni alizojenga marehemu Reginald Mengi. Huyo alikuwa na ITV, Radio One, na kiwanda cha soda Moshi. Habari za viwanda na kodi za vinywaji ukizisoma mle, zisome ukijua hivyo. The Citizen, ambayo ilianza 2004, ni ya Mwananchi Communications, na Mwananchi ilinunuliwa na Nation Media Group ya Nairobi. Mambo ya Kenya na Tanzania yakigombana mpakani, hapo nako macho yawe wazi.

MUSA: Kumbe wote wana mabwana.

ASHA: Wote. Ila wanatofautiana katika kitu kimoja: habari inafuatiliwa mpaka wapi. Chukua ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kila Aprili inawekwa mezani bungeni, na siku ya kwanza magazeti yote yanafanana, maana yote yamekaa kwenye mkutano mmoja na waandishi. Mimi huangalia siku ya nne. Nani bado yuko kwenye ripoti? Nani amefungua majedwali, akaikuta halmashauri ambayo haikutajwa kwenye mkutano, akaipigia simu? Nikisoma hivyo, The Citizen ndiyo hubaki nayo muda mrefu zaidi. Mimi ndilo ninaloliamini kwa uchumi.

MUSA: Na likaponzwa na uchumi huohuo.

ASHA: Februari 2019, ndiyo. Lilifungiwa siku saba kwa habari ya kushuka kwa shilingi. Serikali ilisema takwimu hazikulingana na za Benki Kuu. Fikiria mshauri wa kodi ambaye mteja wake analipwa kwa dola, na gazeti linalomwandikia habari za dola halipo mezani wiki nzima. Halafu Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications zikasitishwa siku 30. Hasara hiyo ni ya msomaji pia, na inaniuma mpaka leo.

MUSA: Hapo nakubaliana nawe bila kusita. Lakini nirudi kwa msikilizaji: zabuni je? Ofisi nyingi zilikuwa zinanunua Daily News kwa ajili ya matangazo ya zabuni tu.

ASHA: Zabuni za serikali siku hizi ziko NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Sababu hiyo imepungua nguvu sana.

MUSA: Haya. Na The Guardian tuliache tu njiani?

ASHA: Hapana. Nalipenda likiandika habari za mikoani. Ninachomwomba msikilizaji, kabla hajatoa hela, asimame pale kwenye meza ya magazeti, na wala asiishie vichwa vya habari kama wale wa kila asubuhi. Afungue kurasa za ndani za yote matatu. Ahesabu habari ngapi zinaanzia kwenye semina au uzinduzi, zile za "mgeni rasmi alisema". Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyochapwa, na kwenye semina ndiko kwenye nauli na bahasha. Simlaumu mwandishi, ana watoto. Ila gazeti likijaa semina, msomaji analipia shughuli za watu wengine.

MUSA: Hiyo ya semina nitaifanya hata mimi. Lakini sijashawishika kuiacha Daily News. Hotuba ya bajeti mwezi Juni, kanuni mpya, uteuzi wa kamishna, mimi nataka nizipate kama zilivyotoka.

ASHA: Basi azisome Daily News mtandaoni, na hela ya karatasi iende The Citizen.

MUSA: Na Juni?

ASHA: Juni, siku ya pili baada ya bajeti, anunue yote matatu. Siku hiyo moja ofisi yake inaweza kumudu.

MUSA: Hapo sasa nimekuelewa.