Shilingi ya kitanda inalala wapi?

Asanteni, kaeni tu. Naona sura nyingi za mwaka jana, na huyu mama wa gesti hapa mbele ameshaanza kucheka, anajua naanza na risiti. Ndio mama, naanza na risiti, mkichoka mniambie, na hata mkiniambia sitaacha.

Chumba cha shilingi 5,000. Hapo chini kuna VAT, hiyo tuiache, na chini yake kuna asilimia 2, levi, yaani ushuru, ya utalii, wengi wetu bado tunaiita ketaringi. Mia moja. Mimi shida yangu maishani ni hiyo mia: mgeni anaiacha hapa Kisumu, nataka irudi hapa Kisumu.

Mei 2022, Africities, lile kongamano la miji ya Afrika, ilipokuja hapa kwetu, mnakumbuka Kisumu ilivyojaa, mpaka watu wa mtaa wanakodisha vyumba vya watoto. Mama mmoja rafiki yangu ana gesti ya vyumba tisa, vyote vimejaa, mmoja wa wageni ni diwani kutoka Afrika Magharibi, mtu mzima, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Usiku amekula samaki wake, ameshiba, anauliza: ziwa liko upande gani, nataka kutembea kidogo. Mama anamwambia baba ngoja nikuitie boda. Yeye anasema hapana, kwa miguu, chakula kishuke. Mama anamwambia kuna giza. Diwani akashangaa, nimekuja kongamano la miji halafu mji wenyewe hautembeleki? Akatoka. Na tochi ya simu. Dakika kumi hivi amerudi, mguu mmoja mkavu, mwingine umeingia mtaroni mpaka gotini, ile kanzu sitaki hata kuizungumzia. Mama akachemsha maji, akaosha kiatu, akakianika kwa dirisha.

Asubuhi jamaa analipa, anasoma risiti mstari kwa mstari, si ni diwani, anaweka kidole pale kwa asilimia 2. Hii ni ya nini? Mama akasema ni ya utalii. Akaangalia kiatu chake, akamwambia, basi nunueni nayo mfuniko wa mtaro.

Mnacheka! Sasa niambieni alikosea wapi.

Najua kuna mtu hapa ataniambia hiyo pesa haipotei, inaenda Tourism Fund, mfuko wa taifa wa utalii, sheria ya mwaka 2011 iko, imesomesha wapishi na wahudumu kule chuo cha Utalii, na baadhi yenu mko hapa ni matunda yake. Sijabisha, sijasema imeibiwa. Ninachosema ni kwamba hiyo mia haina anwani. Ikishatoka kwa kaunta ya yule mama inaingia kapu la taifa, na hakuna mahali imeandikwa kwamba mia iliyotoka mtaa wa Milimani iwashe taa ya njia ya kwenda Dunga, kule ziwani. Mgeni amelipa Kisumu, ameanguka Kisumu, na Kisumu haina la kumwambia.

Sasa wenzetu. Texas kule Marekani mji unaruhusiwa kutoza kodi ya malazi, kwa kawaida haizidi asilimia 7, juu ya 6 za jimbo. Lakini sheria imewafunga mikono vizuri sana, hapo ndipo napenda. Kila dola lazima ipite milango miwili. Mlango wa kwanza, je matumizi haya yataleta wageni wa kulala hotelini? Kulala, si kupita. Mlango wa pili, je yako kwenye orodha? Kuna ukumbi wa mikutano, matangazo, sanaa, majengo ya kale, michezo, hata vibao vya kuelekeza mgeni njia. Kama haiko, hata meya alie, haitoki. Hapa kwetu hebu fikiria hiyo orodha, nani angenunua gari jipya la ofisi na pesa ya vitanda?

Manchester nao, Uingereza, Aprili 2023 mgeni alianza kulipa pauni moja kwa chumba kwa usiku, na waliopiga kura kuikubali ni wenye hoteli wenyewe. Wenyewe! Kwa sababu pesa inarudi kwenye eneo lao, kusafisha mitaa na kuleta wageni msimu ule wa vyumba vitupu. Kwa hivyo mzee ukiniambia mgeni atakimbia sababu ya mia, aliyelipa 5,000 hakimbii mia. Anakimbia giza.

Sasa msije mkadhani nawauzia sukari tu. Las Vegas wamejenga mji na kodi ya vyumba tangu miaka ya 1950, ukumbi wao wa mikutano ulifunguliwa 1959, sawa kabisa. Lakini 2016 jimbo likapandisha hiyo kodi kidogo na kutenga dola milioni 750 za uwanja wa mpira wa Kimarekani. Uwanja ukaisha 2020. Mwaka gani? Wa korona! Msimu wa kwanza wakacheza viti vitupu, na hoteli zilikuwa zimefungwa tangu Machi mpaka Juni. Kodi ya kitanda ni kama maji ya mvua, jua likiwaka kisima kinakauka, na deni halijui jua wala mvua. Kwa hivyo mtu akija hapa na ramani ya stediamu mpya apokewe tu kama mgeni wetu, tumpe soda, aende. Sisi tuanze na taa na mifuniko.

Haya naambiwa muda. Haraka haraka basi. Katiba, kifungu cha 209, kaunti ina rates, ile kodi ya ardhi na majengo, na kodi ya burudani, ingine yoyote mpaka Bunge litunge sheria, kwa hivyo kelele zetu zisiishie kwa gavana, zipande mpaka kwa mbunge. Na hizi nyumba za kukodisha kwa simu ziingie pia, si haki gesti ya mama ilipe na jirani yake mwenye apatimenti nne asilipe. Nakuru nilikuwa na mambo mengi, wamepata hadhi ya jiji 2021, wana mbuga mlangoni na kiingilio kinaenda KWS, shirika la taifa la wanyamapori, wakati kaunti ya Narok wanakusanya cha mbuga ya Maasai Mara wenyewe, lakini hiyo ni ya siku ingine.

Mzee wa pale nyuma, mkono wako nimeuona tangu Las Vegas. Simama uulize.